Uso wa Msumari

Siku ya pili ya matanga ya mamangu, binti yangu Aziza alinijia mbio kutoka barazani, ndara mkononi, akanivuta nguo mbele za wanawake waliokuja kunipa pole. "Mama, Mama! Msumari yuko nje! Anakunywa kahawa!" Wanawake wakaficha vicheko kwenye mitandio. Mimi sikucheka. Niliinuka nikachungulia kwenye upenyo wa mlango, na kweli alikuwako: nduyangu Athman, kanzu mpya inayometa, kofia ya vito, amekaa katikati ya wanaume kama mfiwa mkuu, na watoto wa mtaa mzima wamemzunguka. Mmoja alikuwa akimgusa shavu kwa ncha ya kidole, aone kama ni bati. Naye anatabasamu. Anatabasamu kwenye matanga ya mama aliyemkimbia. Nilimkodolea macho mpaka bibi mmoja nyuma yangu akasema, "Wata, Zuhura, mwache, leo si siku yake," nikarudi kukaa. Lakini moyoni nilikuwa nimesharudi mwaka ule, na sikutoka huko mpaka matanga yalipoanuliwa.

Kwa msiomjua, Msumari ni shujaa wa katuni. Ni roboti mwenye umbo la mtu, aliyeundwa na fundi mmoja wa Makupa kwa vyuma vya malori mabovu. Ananyanyua lori lililolala ubavu barabarani kama mtu anyanyuavyo kikapu, anawafukuza wezi Marikiti mpaka wanarudisha nyanya, na adui yake mkubwa ni hewa ya chumvi, maana anashika kutu. Kila asubuhi lazima apakwe mafuta ya nazi, akikosa anaganda pale pale alipo. Leo watoto wana mabegi yake na wanamtazama kwenye televisheni. Aliyembuni ni mume wangu, Twahir, na alimbuni kwa sababu ya ami yake, Maalim Badi, anayesomesha Kurani chuoni. Tangu utotoni Twahir alikuwa akichora, na tangu utotoni Maalim alikuwa akimpiga marufuku kuchora watu na wanyama: siku ya kiama utaambiwa ukitie roho ulichokichora, na hutaweza. Basi Twahir akafikiri, akafikiri, akamletea ami yake mtu asiye na roho. Mashine. Maalim akaikamata karatasi, akaigeuza huku na huku, akasema, "Lakini ana uso." Twahir akachukua raba mbele yake akafuta macho, pua na mdomo. Hivyo ndivyo Msumari alivyopata ule uso wake wa kwanza, bati tupu kama sufuria iliyosuguliwa. Maalim akasema hana neno. Na toka siku hiyo mume wangu akawa na jibu moja kwa kila mtu, harusini, sokoni, hata kwa mamangu: "Mimi sichori chenye roho."

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini, Aziza ananyonya, na nilikuwa nakaa kwa mamangu Mji wa Kale. Nilikwenda kukaa arobaini ya uzazi, arobaini ikapita, nikabaki, kwa kuwa Twahir alikuwa akifanya kazi na kulala katika chumba kimoja Makadara, juu ya mkahawa wa mbaazi na mahamri, na chumba chenyewe kilikuwa na nafasi ya meza, kompyuta na godoro la mtu mmoja anayelala upande. Kwa mamangu tulikuwa wanawake watatu na mtoto. Mamangu alilala chumba cha mbele. Mimi na Aziza tulilala cha kati, kile kisicho na dirisha. Cha nyuma alilala wifi yangu Nuru, mke wa Athman. Athman alikwenda kutafuta kazi Uarabuni mwaka wa pili wa ndoa yao. Mwanzo alikuwa akipiga simu kila Ijumaa, kisha mara moja kwa mwezi, kisha nambari ikawa haipatikani. Hatukujua yu hai au amekufa. Watu waliouliza ubalozini hawakupata jibu, waliouliza wenzake waliambiwa amehama mji. Nuru akawa hana mume wala si mjane wala hakuachwa. Akiitwa harusini hajui avae nini. Akivaa vizuri wanasema anatafuta, asipojitengeneza wanasema anamuombea mume kifo.

Mamangu alimpikia Athman kila Ijumaa. Sisemi kwa mfano, alipika kweli. Alitenga sahani ya Athman, wali na samaki wa kupaka, akaifunika kawa, na baada ya Isha ndipo aliponiambia, "Haya, kula wewe unayenyonyesha." Siku moja alimkaribisha Twahir chakula cha mchana, akamwekea mnofu wa kichwa anaoupenda, akamuacha ale mpaka alambe vidole, ndipo akaleta picha ndogo ya pasipoti. "Mwanangu Twahir, wewe mkono wako umebarikiwa. Nichorea Athman, awe mkubwa, nimtundike hapa." Twahir alinawa mikono polepole sana. Akasema, "Mama, niwie radhi. Athman yu hai, inshalla. Mimi sichori chenye roho." Mamangu akaikunja mikono. Nilidhani amekasirika, kumbe amefurahi. Jioni alimwambia Nuru pale uani, "Umemsikia? Amesema yu hai." Maneno hayo yaliwatosha wale wawili kwa miezi.

Mimi yalinikera. Kwa nini ajibu vile, kama mtu anayejua? Nilimuuliza, akasema, "Ulitaka nimwambieje mkwe wangu?" Jibu zuri. Mume wangu ana majibu mazuri, hilo ndilo linalonitia wasiwasi naye mpaka leo.

Kisha wakaja watu wa studio kutoka Nairobi, wakitaka kumtia Msumari kwenye televisheni. Mwanamume mmoja na msichana mmoja mwenye miwani mikubwa. Twahir aliwaleta nyumbani, mamangu akawatolea mkate wa sinia na chai ya tangawizi, na mimi nikawa nyuma ya pazia nanyonyesha na kusikiliza. Msichana akasema, "Kaka Twahir, tunampenda sana. Shida ni moja tu. Hana uso. Mtoto atajuaje amehuzunika?" Twahir akasema, "Atainamisha kichwa." Yule mwanamume akacheka: "Vipindi kumi na tatu anainamisha kichwa tu?" Twahir akakataa. Akakataa tena wiki iliyofuata. Wiki ya tatu akakubali, na hakuniambia kwa nini. Kwa Maalim alisema uso utatiwa na mashine za Nairobi, si mkono wake. Uongo. Uso aliuchora yeye, pale juu ya mkahawa, na hapo ndipo mambo yake yalipobadilika.

Lazima nieleze namna anavyofanya kazi, maana ndiyo iliyomfunga. Twahir hachori kitu kutoka kichwani. Hawezi. Akitaka kuchora gia ya lori atakwenda Makupa akae mbele ya gia mpaka mafundi wamfukuze. Akitaka mkono, ataniambia nishike kikombe, na mkono wangu akaugeuza chuma. Kila kilichoko kwenye karatasi yake kimewahi kuwa mbele ya macho yake. Basi mwaka ule nikipanda ngazi za Makadara na mtoto kiunoni na kibebeo cha chakula mkononi, nasikia anazungumza ndani, sauti ya chini, ya kubembeleza. Nikigonga, kimya. Nikiingia, karatasi zimelala kifudifudi, simu imelala kifudifudi. "Ulikuwa ukisema na nani?" "Watu wa studio." "Watu wa studio unawaambia wallahi n'nakuonea huruma?" Akanywa maji. Mwenye mkahawa, Bi Mwanaisha, mama mnene anayejua kila kitu cha mtaa huo, alinivuta kando siku moja akikaanga viazi. "Mwanangu, mumeo ana simu za video mchana kutwa. Sisemi kitu. Lakini mwanamume akijifungia kusema na simu, hasemi na mamake."

Nikakaa nikiamini ni mwanamke. Yule wa miwani. Nilinusa kanzu zake, nikampa Aziza simu aichezee nikitumai ataifungua kwa bahati. Nilikonda. Mamangu akaniambia maziwa yatakauka, nikamwambia yakauke.

Siku ya kipindi cha kwanza ukumbi wa mamangu ulijaa. Majirani walikuja na mabuyu na kachri, wanawake chini kwenye mikeka, Maalim Badi na Twahir kwenye viti karibu na mlango, na Nuru kasimama kwenye kizingiti cha chumba chake akimchezesha Aziza. Wimbo ukapigwa, watoto wakapiga kelele. Lori likaanguka Makupa, vumbi likatimka, na katikati ya vumbi akatoka Msumari, akaligeuza lile lori, kisha akageuka yeye. Alikuwa nduyangu. Chuma, misumari ya kuunganishia kwenye taya, macho yanawaka taa, lakini nduyangu, na ule mdomo wake unaopinda upande kabla ya kusema. Kisha mamangu akapiga ukwenzi ambao sijawahi kuusikia kabla wala baadaye. "Amekufa! Mwanangu amekufa! Twahir yuwajua!"

Watu wa kwengine wangeuliza, imekuwaje umechora sura ya shemeji yako. Nyumbani kwetu hakuna aliyeuliza hivyo. Kila mtu mle ndani alikuwa amemsikia Twahir akiapa kwamba hachori chenye roho. Alikataa kumchora Athman akiwa hai, na sasa amemchora. Hesabu ilikuwa nyepesi, na kila mwanamke mkekani aliipiga peke yake akapata jibu lile lile. Nuru alimweka Aziza chini taratibu, akaingia ndani akafunga mlango. Mamangu akamtambalia Twahir kwa magoti. "Niambie, mwanangu. Nani alikupa habari? Amezikwa wapi? Alioshwa?" Na mume wangu, nisikilizeni vizuri, mume wangu hakusema ndiyo na hakusema la. Aliinamisha kichwa akalia.

Sijui maneno ya kuwaeleza ghadhabu niliyo nayo kwa machozi yale. Maana yaliwatosha. Maalim peke yake ndiye aliyesita. "Dada, kumsomea mtu Kurani si dhambi, awe hai awe amekufa. Hitma someni. Lakini picha si ushahidi, na eda ya huyu Nuru mimi siithibitishi." Mamangu hakumsikia. Kesho yake Nuru alikuwa ameshavua vipuli, amekaa chumba cha nyuma katika nguo nyeupe, kioo kimegeuzwa ukutani, na wanawake wanaingia mmoja mmoja kulia naye. Wengine walinong'ona jikoni, nikiwasikia, kwamba afadhali. Atakaa eda, atamaliza, ataolewa, bado kijana. "Heri mume kaburini kuliko mume hewani," mmoja alisema, na mwenzake akamfinya.

Hitma ikapangwa Ijumaa baada ya Alasiri. Siku zile mbili tatu mamangu alitaka kipindi kirudiwe kwenye simu, tena na tena, amtazame mwanawe. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia simu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nililia. Baadaye nikaanza kutazama. Athman aliyeondoka alikuwa kijana mwembamba, mashavu yamebonyea, nywele zimeota mpaka karibu na nyusi. Msumari alikuwa na mashavu. Alikuwa na kidevu cha pili, cha chuma, lakini cha pili. Nywele zilianzia nyuma ya paji. Na nyusi ya kushoto ilikuwa na mkato katikati, kama mtu aliyeshonwa. Nikaleta ile picha ya pasipoti nikaiweka kando ya simu. Nikasema moyoni: huyu si mtu aliyekumbukwa. Huyu ni mtu aliyetazamwa. Na maiti hawanenepi.

Sikumwambia mtu. Ijumaa adhuhuri, mapishi yakiwa motoni uani na moshi umetanda nyumba nzima, nilimfunga Aziza mgongoni kwa leso, nikakata njia mpaka Makadara kwa miguu. Bi Mwanaisha akaniona ninavyopanda ngazi akasema, "Leo leo." Twahir alikuwa amekaa kwenye godoro na kanzu ya hitma, hajavaa kofia.

"Ana watoto wangapi?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Twahir, usinichezee."

Akaiokota kofia yake akaiweka magotini. Kisha akasema, "Wawili. Wa kiume wote."

Basi nikajua yote kabla hajasema. Athman alioa huko huko, mwanamke mwenye kwao. Aliziona kurasa za Msumari kwenye mtandao, akamwandikia Twahir, wakaanza kupigiana. Alikuwa na haya ya kurudi, haya ya kusema. Na ule uso aliutoa mwenyewe: "Nichore mimi, shemeji, angalau nyumbani wanione." Akamuapisha asimwambie mtu. "Nilikula yamini, Zuhura. Ni amana," mume wangu akaniambia. Nikamwambia, "Amana ya mwizi huitwaje? Mamangu anamsomea hitma mtu anayekula kuku! Nuru amevua vipuli!" Akasema alitaka kusema siku ile ile lakini mamangu alishapiga kelele, na baada ya kelele ikawa vigumu. Ikawa vigumu! Mimi nimezaa, najua kitu kigumu. Nilimwambia achukue simu avae viatu, na kama hatembei mbele yangu nitapiga mayowe ya mwizi hapo Makadara wamkamate kwanza waulize baadaye.

Tulipofika wanaume walikuwa wameshagawana misahafu barazani, sauti zinavuma. Nilimpitisha Twahir katikati yao, nikamwambia Maalim, "Ami, tafadhali ingia ndani, kuna jambo la sheria." Akaniangalia usoni, akafunga msahafu akanifuata. Mamangu alikuwa ukumbini na wanawake, uso umevimba. Twahir alipiga ile simu. Ikalia. Ikapokewa. "Shemeji, vipi, Ijumaa karim," ikasema sauti ya nduyangu, mdomo umejaa.

Nilichotaka ni mamangu amtukane. Nilitaka amlaani, nilikuwa tayari kumzuia asimlaani sana. Alichukua simu kwa mikono miwili, akaisogeza mpaka pua ikakaribia kioo. Athman akaacha kutafuna, paja la kuku mkononi. Akaanza, "Ma, Ma, n'samehe," na mamangu akasema, "Umenenepa." Kisha akauliza, "Umekula?" Basi. Miaka yote ile, na swali ni hilo.

Aliyeyasema ya kusema alikuwa Nuru. Mlango wa nyuma ulifunguka akatoka na nguo zake nyeupe, wanawake wakapiga makelele kwamba mwenye eda hatoki, naye akawapita kama anavuka barabara. Akamchukua mamangu simu, kwa adabu, mkono wa kulia. Hakujifunika uso. Alimtazama Athman kwa kitambo, na Athman akatazama chini.

"Nuru. Mke wangu. Wacha nikueleze, tuzungumze…"

"Sina mazungumzo. Maalim yuko hapa, anasikia. Niache."

"Nuru, si kwa simu, jamani, mambo haya…"

"Ulioa kwa simu?" Mtu mmoja mkekani akacheka akajiziba mdomo. "Nimekulilia maiti siku tatu na hujafa. Nimekungoja hai miaka na hukuja. Tamka, Athman. Kisha rudi kwenye kuku wako."

Maalim akakohoa. "Mwanangu Athman, mimi ni Badi. Mwanamke ana haki yake." Nduyangu akatamka. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyekosea aya chuoni. Maalim akaitikia kwamba amesikia, akamwambia Nuru kwamba ile eda ya kufiwa haikuwa eda, na sasa inaanza ya talaka. Wanawake wakasikitika: maskini, kutoka eda kuingia eda. Nuru akasema, "Hii nitaikaa kwa raha zangu. Hii nimeiomba mwenyewe." Nje wanaume walikuwa bado wanasoma, hakuna aliyewaambia waache, na chakula cha hitma kililiwa chote na watu waliojua wanakula chakula cha mtu aliye hai. Wengine walirudia.

Kwa Twahir nilirudi, ndiyo. Tuna Aziza na mdogo wake, na Msumari ndiye anayetulisha. Uso hawakuubadilisha, watoto walishauzoea. Lakini simu yake inalala mezani, kifudifudi hairuhusiwi, na akilia mbele yangu namsubiri amalize ndipo nimuulize analilia nini. Hiyo ndiyo ndoa yangu, na msiniulize zaidi.

Na mamangu. Wiki moja baada ya siku ile tulikaa uani tukichagua mchele, mimi na yeye, sinia katikati. Athman alikuwa ameshaanza kumpigia, akimwonyesha wajukuu ambao hawakujua Kiswahili. Hakuwahi kusema atarudi, na mamangu hakuwahi kumuuliza. Alitoa kijiwe akakitupa, akasema bila kuniangalia, "Zuhura, ungeniwata nilie, mwanangu. Ningelia nikamaliza."

Nilitaka kunyamaza. Alikuwa mamangu, na alikuwa amechoka. Lakini nyuma yetu Nuru alikuwa anaimba chumbani, sauti ya chini, anajipaka mafuta kichwani, kitu ambacho hatukumsikia akifanya tangu nduyangu apande ndege.

"Mama," nikamwambia, "na huyu je? Eda yake Maalim aliikataa. Naye angemaliza lini?"

Hapo ndipo mkono wake uliposimama juu ya mchele.